Namna ya kuchangisha fedha za konde la kikundi Pemba: mwongozo kwa wakulima wasio na ardhi wala dhamana

Mwongozo huu nauandika kwa vikundi kama chetu: kina mama wa mboga, wengi wao wajane au walioachika, pamoja na vijana na watu wenye ulemavu wanaolima ardhi isiyo yao. Benki inataka dhamana, nasi hati hatuna. Mfadhili anataka andiko refu. Hoteli za Unguja hununua, ila malipo huchelewa wiki kwa wiki, na mvua haimsubiri mtu.

Fedha iliyo karibu nasi ni ya majirani, ya wanunuzi wetu, na ya jamaa walioko Unguja, Dar es Salaam, Mombasa na Oman. Ipo, na watu wanatoa. Kinachoiharibu ni kutiwa yote kwenye mfuko mmoja. Aliyetoa sadaka, aliyenunua hisa na aliyelipia tungule (nyanya) mapema wote wanaandikwa "mchango", halafu yakifika mavuno kila mmoja anakuja na dai lake na kikundi kinavunjika. Kwa hiyo hatua zote hapa chini zinalinda jambo moja: kila shilingi ijulikane imeingia kwa mlango gani.

Hatua ya 1: Ardhi, kwa maandishi

Msichangishe hata shilingi kabla ya hili. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1992, ardhi ya Zanzibar ni ya umma, na mtu anakuwa na haki ya kuitumia. Tena kwetu udongo unaweza kuwa na mwenyewe na miti iliyo juu yake ikawa na mwenyewe mwengine. Ndiyo maana mwenye ardhi anakuachia ulime mchicha na bamia kwa roho safi, lakini ukichomeka mche wa mnazi au mkarafuu uso unambadilika: mti wa kudumu ni dai la kudumu.

Kama konde limo ndani ya eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi, ulizeni warithi wote ni akina nani. Aliyepewa mara nyingi ameshafariki, na ruhusa ya mtoto mmoja haiwafungi ndugu zake.

Andikeni mipaka, muda (ombeni angalau miaka mitatu), kwamba mtapanda mazao ya msimu, nani anachuma miti iliyomo, na vitu mtakavyoweka ni vya nani mkiondoka. Tieni sahihi mbele ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, warithi wakiwepo. Nakala moja ibaki kwenu.

Hatua ya 2: Hesabu ya msimu mmoja

Andikeni mbegu, mbolea, mafuta ya pampu, usafiri na vibarua wa kulima. Msiandike ndoto ya miaka mitano. Mtu wa kijijini akiona orodha anayoweza kuikagua mwenyewe kwa kwenda dukani kuuliza bei, anatoa.

Hatua ya 3: Fungueni milango mitatu

Hapa ndipo pa kukaa na kuelewana, hata ikichukua vikao kadhaa.

Mlango wa kwanza ni sadaka. Anayetoa hadai kitu duniani. Fedha hii itumieni kwa vitu vya kudumu vinavyohamishika: pampu, tanki, mipira ya kumwagilia, wavu wa uzio. Nasisitiza vinavyohamishika. Kisima kilichochimbwa kwenye ardhi ya kuazima hakibebeki siku mkiambiwa mwondoke. Mtu akitaka kutoa kisima kiwe wakfu, msimkatalie, lakini mwende naye kwanza Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, mwenye ardhi akiwa pamoja nanyi.

Mlango wa pili ni hisa. Mwenye hisa anaingia kwenye faida na anaingia kwenye hasara. Msimwahidi "weka laki upate laki na kumi", hiyo ni riba hata mkiiita jina zuri. Mwahidini sehemu ya faida: kwa mfano, faida ikipatikana wenye hisa wachukue 40 katika kila 100 na wafanyakazi wa konde 60. Ikiwa hasara, na si kwa uzembe, mtaji wa mwenye hisa umepungua na jasho la wafanyakazi limekwenda bure. Lisomwe hili kwa sauti kabla mtu hajatoa fedha yake. Anayenyamaza na kuondoka, mwacheni aende.

Mlango wa tatu ndio ninaoupenda kuliko yote: kuuza mazao kabla hayajapandwa. Kwa Waislamu wengi wa hapa si jambo geni, ni biashara ya salam, na masharti yake yanamlinda mnunuzi na mkulima. Bei ilipwe yote siku ya makubaliano. Bidhaa itajwe aina, sifa na uzito. Siku na mahali pa kukabidhi pajulikane. Na deni liwe juu ya muuzaji, si juu ya kipande fulani cha shamba: mkiahidi tungule, mnadaiwa tungule, hata kama zenu zimeoza na inabidi mkanunue kwa jirani. Mwalikeni sheikh mnayemwamini akae kikao kimoja nanyi.

Fedha za upatu zisiguswe kabisa. Kijumbe wenu, anayekusanya na kugawa upatu, ana watu wake wanaosubiri zamu.

Hatua ya 4: Pakacha lenye uzito

Uzeni kwa pakacha, maana kila mtu analijua, lakini lisemeni kwa kilo. "Fungu" la sokoni halina kipimo, na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Kwa mfano wa hesabu tu: pakacha moja liwe na tungule kilo 4, bilinganya kilo 3, matango kilo 2 na bamia kilo 1, kwa shilingi 25,000. Nusu itolewe siku ya 1 ya Ramadhan na nusu siku ya 15. Mapakacha 40 ni shilingi 1,000,000 mkononi kabla ya kutia mbegu, na deni la kilo 160 za tungule.

Sasa jiulizeni konde litatoa tungule kiasi gani msimu ukiwa wa wastani, si msimu wa neema. Uzeni mapema chini ya nusu ya hizo. Nusu ya pili ndiyo inayowalinda na mvua, wadudu na ng'ombe wa watu. Na mizani iwepo mezani siku ya kukabidhi, mnunuzi asome mwenyewe.

Hatua ya 5: Ombeni wakati watu wana fedha

Pemba fedha inatembea karafuu zikichumwa. Kuanzia Julai, mwenye mikarafuu, mchumaji na mchambuaji wote wana kitu mfukoni. Pitieni watu Julai mpaka Septemba, mvua ya vuli ya Oktoba iwakute mna mbegu.

Halafu hesabuni kurudi nyuma kutoka Ramadhan. Ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari. Tungule hukaa kitaluni kama wiki 4, kisha siku 70 hadi 90 shambani. Kwa hiyo mbegu iingie kitaluni kabla Oktoba haijafika katikati. Bamia na matango yafuate baadaye. Januari vuli imekwisha na kaskazi inakausha, hapo ndipo pampu ya sadaka inapofanya kazi yake.

Hatua ya 6: Kupokea na kuandika

Fedha zisiingie kwenye simu ya mwenyekiti, hata awe mwaminifu kiasi gani. Jisajilini kwenye ofisi ya ushirika ya wilaya, mfungue akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu. Wanaokwepa riba wapo wengi, na PBZ, Benki ya Watu wa Zanzibar, inazo huduma za Kiislamu.

Daftari liwe na safu tano: tarehe, jina, mlango (S ya sadaka, H ya hisa au P ya pakacha), kiasi, na sahihi au dole gumba. Mfano wa mstari: "3 Agosti, Mama wa duka la kona, P, 50,000 (mapakacha 2), sahihi yake". Likisomwa kwa sauti mara moja kwa mwezi, mwanachama asiyeona au asiyejua kusoma anajua hesabu sawasawa na katibu. Jamaa wa ng'ambo wapigieni picha ukurasa, muutume kwenye kundi la WhatsApp.

Hatua ya 7: Mavuno na malipo

Utaratibu ni huu: kwanza mapakacha yaliyolipiwa, kisha ziada iuzwe katika miji ya Konde, Wete au Chake Chake, zilipwe gharama zilizobaki, na mwisho igawiwe faida ya hisa. Mwenye hisa asilipwe kabla ya mwenye pakacha.

Mazao yakipungua, msisubiri siku ya kukabidhi. Wiki mbili kabla, nendeni nyumba kwa nyumba. Kama hata kwa jirani hakununuliki, mnunuzi ndiye anayechagua: asubiri mavuno yajayo, au arudishiwe fedha yake kamili. Si nyinyi mnaomchagulia.

Daftari lifungwe kabla ya Idi, mbele ya waliotoa. Wanaotaka kuendelea waandikwe ukurasa mpya siku hiyo hiyo, na tarehe za kitalu zirudishwe nyuma siku 10 au 11, kwa kuwa Ramadhan ijayo itawahi kwa kiasi hicho.