Namna ya kufanya TP (kazi ya kuandika ya masomo) juu ya mutu wa politiki mwenye alikuya kuwa profesa: mufano wa Jászi wa Hungaria

Bandugu banafunzi ba historia hapa Bukavu, TP mingi juu ya bantu ba politiki zinaniumiza roho, juu zinaanza na "alizaliwa, alisoma, alikufa" na zinaishia palepale. Mutu mwenye alikuwa waziri kisha akawa profesa haandikwe hivyo. Tuchukue Oszkár Jászi.

Kwanza jina, njo fasi bengi banapotezea mda. Kwa Wahungaria jina la familia linatangulia, sawa na kwetu kwenye karte ya kitambulisho, kwa hiyo tafuta pia "Jászi Oszkár", utapata vingine kabisa. Mji alizaliwa, 1875, uliitwa Nagykároly, leo ni Carei na iko Romania. Usishangae, hata huu wetu ulikuwa Costermansville. Andika majina yote mawili, la zamani mbele.

Sasa kamata kaye (daftari), piga mustari katikati ya ukurasa. Kushoto politiki: 1914 anaanzisha chama cha Radikali na benzake, mwisho wa mwezi wa 10 1918 anakuwa waziri wa mambo ya mataifa madogo katika serikali ya Mihály Károlyi, mwezi wa 11 anaenda katika mji wa Arad kuomba Waromania babaki ndani ya Hungaria yenye majimbo ya kujitawala, mufano wa Uswisi, banakatala, mwezi wa 1 1919 anatoka serikalini, na mwaka uleule anaenda uhamishoni Vienna. Kuume vitabu: 1912 juu ya mataifa yaleyale, 1924 juu ya mapinduzi ya Hungaria, 1929 juu ya kuvunjika kwa dola ya Habsburg, ile ya Austria na Hungaria.

Umeona 1912? Alikuwa anachunguza ile shida mbele hajakuwa waziri! Kwa hiyo usiandike "aliacha politiki akaanza historia", si kweli.

Kazi yenyewe njo hii: linganisha kile cha 1924 na cha 1929. Katika cha kwanza anaongea kama mutu mwenye alikuwa pale. Katika cha pili ni profesa, anapanga nguvu zenye zilishikilia dola, mfalme, jeshi, makabaila, Kanisa, maafisa, na zenye ziliivuta ipasuke. Kila fasi anaeleza kwa nini ilishindikana, weka alama, rudia kushoto uone yeye alikuwa wapi ule mwaka. Miye hii inanigusa sana, juu tunaishi pembeni ya Ruzizi, muto wa mupaka kati yetu na Rwanda, tunajua mupaka ukipita katikati ya bantu inakuwaje.

Wakikuuliza kama ni mwanahistoria kweli: kule Oberlin, Ohio, kwenye alifundisha kuanzia 1925 mupaka 1942, alikuwa profesa wa sayansi ya politiki, ila kile kitabu cha 1929 ni historia. Alikufa kulekule 1957.

Mbele ya kulipa pale saiba, kwenye unachapisha TP, angalia ile á ya Jászi kwenye karatasi, mara mingi inatoka imegeuka alama ya kuuliza.