Kupima majani yanavyooza katika tope la mikoko, kina kwa kina

Tope la mikoko ukilifukua hunuka mayai viza. Ni kwa sababu oksijeni huishia karibu na uso, na bakteria wa chini huozesha majani kwa kutumia salfeti (chumvi yenye salfa) ya maji ya bahari, na kutoa gesi yenye harufu hiyo. Kazi hiyo huenda polepole mno, hivyo mabaki hulimbikizana humo kwa karne nyingi. Sisi wa Lamu, wenye zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya, tunapaswa kuujua udongo huu.

Hatua ya 1: Okota majani ya mkoko ya manjano yaliyoanguka yenyewe. Usichanganye na ya mchu, aina nyingine ya mti wa mikoko, maana hayo huoza upesi zaidi. Yaanike kivulini mpaka uzito usibadilike.

Hatua ya 2: Shona vifuko vya chandarua ili kaa wasifikie majani. Tia gramu 10 kila kifuko, pamoja na kipande cha plastiki kilichokwaruzwa namba. Wino utafutika.

Hatua ya 3: Pata ruhusa ya ofisi ya misitu, kwani mikoko ni msitu wa serikali tangu 1932. Kisha ngoja bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa sana), uingie maji yakipwa.

Hatua ya 4: Hapa ndipo kipimo huharibika au hupona. Usichimbe shimo! Shimo huingiza hewa, na kifuko cha chini kitaoza kana kwamba kiko juu. Chomeka panga wima, litikise hadi upatikane mwanya mwembamba, sukuma kifuko kwa ubao, kisha ufunge mwanya kwa kisigino. Zika sentimita 5, 20 na 40, kila kina na mwanya wake, vifuko vitatu kwa kila safari ya kufukua. Acha kamba ijitokeze juu. Jiepushe na matundu ya kaa na vipumulio vya mchu (mizizi yake inayochomoza topeni); vyote hupeleka oksijeni chini.

Hatua ya 5: Fukua vitatu vya kila kina baada ya mwezi 1, 3 na 6. Suuza taratibu, anika, pima. Gramu 10 zikibaki 6, asilimia 40 imepotea.

Usihukumu kwa matokeo ya mwezi wa kwanza: sukari na tanini (kemikali chungu za majani) huyeyuka na kutoka kwa maji tu, hata pasipo hewa. Tofauti ya kina huonekana baadaye. Kifuko cha sentimita 40 kikipungua kuliko cha 5, kagua kama tundu la kaa limekifikia.