Kamati ya shule ifanye nini ili fedha za Serikali ziongezeke

Tangu Januari 2016, elimumsingi bila malipo ilipoanza Tanzania, ruzuku ya uendeshaji ya shule ya msingi hukokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 6,000 huingia akaunti ya shule, 4,000 hubaki Serikali Kuu kwa ajili ya vitabu. Kiwango hicho hupangwa Dodoma, kamati haina mkono. Mkono wake uko kwenye idadi ya wanafunzi na kwenye miradi inayoingia bajeti ya halmashauri.

Idadi kwanza. Kabla takwimu za mwaka hazijapelekwa, mjumbe mmoja akae na mwalimu wa takwimu, walinganishe rejesta za kila darasa na kilichoingizwa kwenye mfumo wa Serikali wa takwimu za shule. Wanaosahaulika ni watoto wa awali, waliohamia bila uhamisho kukamilika na walioandikishwa kwa kuchelewa. Shule yenye wanafunzi 620 inastahili 3,720,000 kwa mwaka. Mfumo ukisoma 560, mnapoteza 360,000, na chaki ni zilezile. Msiongeze majina hewa. Ukaguzi ukiyakuta, mwalimu mkuu ndiye atakayejibu.

Fedha za madarasa na vyoo zina njia nyingine, na kinachoziponza ni kalenda. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini bajeti ya halmashauri hupikwa miezi mingi kabla. Ombi linalofika Mei, Bunge likiwa tayari linajadili bajeti, limechelewa mwaka mzima. Kwa hiyo kamati ikae Septemba au Oktoba, ombi lipite mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo liende kwa Mkurugenzi wa halmashauri. Kila ngazi iwe na muhtasari wenye tarehe, mahudhurio na sahihi. Muhtasari usio na sahihi ya mwenyekiti hurudishwa, na kurudishwa Desemba ni sawa na kunyimwa.

Namna ya kuliandika ombi ina uzito wake. “Tunaomba vyoo, hali ni mbaya” haimpi afisa mipango kitu cha kuingiza kwenye jedwali. Andikeni hivi: wasichana 300 kwa uwiano wa tundu 1 kwa 20, mahitaji 15, wavulana 320 kwa tundu 1 kwa 25, mahitaji 13, yaliyopo 8, upungufu 20. Madarasa nayo, kwa wanafunzi 45 kila chumba: mahitaji 14, yaliyopo 9, upungufu 5. Ambatanisheni makadirio ya mhandisi wa halmashauri, si ya fundi wa jirani.

Msiombe vyote kwa mpigo. Ombi la vyumba vitano huishia kwenye orodha ya mahitaji. Ombi la kumalizia boma moja lililofika lenta lina nafasi kubwa zaidi, kwa sababu wananchi wameshaweka nguvu zao na diwani ana cha kuonyesha. Ila boma lisipofuata ramani ya Serikali, mhandisi atalikataa, na matofali yenu yataota nyasi. Michango hiyo ya wananchi iwe ya hiari, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu yake.

Diwani apewe karatasi moja tu yenye hesabu hizo kabla ya vikao vya kamati za halmashauri. Kwenye Baraza kamili la madiwani mara nyingi mambo yameshaiva. Mbunge naye aandikiwe kupitia Mfuko wa Jimbo, ambao yeye ni mwenyekiti wa kamati yake. Mfuko huu unafaa zaidi kwa vitu vidogo kama mabati, saruji na madawati.

Fedha zikiingia, msianze kutafuta mafundi siku hiyo. Kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi ziwe zimeundwa, na bei za vifaa zimeshakusanywa. Fedha zikija Aprili na kazi ikaanza Juni, 30 Juni itawakuta na msingi tu, na salio linaweza kurudi Hazina.

Mapokezi na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo. Mkutano wa Septemba ijayo utaanzia hapo.