Somo: Kusoma ECG (umeme wa moyo) na EEG (umeme wa ubongo) kwa pamoja, mgonjwa wa jeraha kali la kichwa

Naandika mara moja, ili anayeuliza tena "mbona EEG inarukaruka?" nimwelekeze hapa. Mgonjwa ninayemzungumzia ni wa GCS (kipimo cha fahamu) 8 kushuka chini, yuko kwenye mashine ya kupumulia.

1. Nawa, vaa glavu.

2. Sugua ngozi ya kichwa taratibu kwa gozi, paka jeli. Ukinzani (kizuizi cha umeme) wa kila elektrodi, yaani kidude kinachonasa umeme kwenye ngozi, uwe chini ya kilo-ohmu 5.

3. Panga kwa mfumo wa 10-20 (ramani ya kimataifa ya nafasi za elektrodi kichwani). Penye kidonda sogeza elektrodi, ya upande wa pili isogeze vilevile, kisha andika.

4. Moyo uwe na mstari wake ndani ya mashine ya EEG. Hapa ndipo wengi huharibu. Wanasema monita ya kitandani inaonyesha ECG, inatosha. Haitoshi! Umeme wa moyo hupenya hadi kwenye waya za kichwani na kuchora vichomo vinavyofanana na vya kifafa. Bandika elektrodi mbili kifuani, uone kama kila kichomo kinaangukia kwenye QRS (kichomo kikubwa cha kila pigo kwenye ECG). Kikiangukia hapo kila mara, huo ni moyo, usimwongezee mgonjwa dawa ya degedege. Tena linganisha saa za mashine zote mbili kabla ya kuanza. Zikipishana dakika mbili tu, hutajua kilichotangulia ni mapigo kwenda mbio au degedege. Ukigundua tofauti katikati ya rekodi, usiguse saa. Andika tofauti hiyo.

5. Rekodi angalau saa 24. Aliye kwenye koma, 48 ni bora, maana degedege lake mara nyingi halitikisi hata kidole.

6. Andika kila dawa ya usingizi na muda wake.

Presha ikipanda huku mapigo yakishuka, huenda shinikizo ndani ya fuvu linapanda: ita daktari papo hapo. Usisubiri kupumua kuvurugike, mashine inakuficha hilo.

MASWALI

— Mkuu, mawimbi yamelala kabisa. Ubongo umekufa?
Hatua ya 6 umeisoma? Propofol nyingi huyalaza. EEG peke yake haitangazi kifo.

— Kupima ukinzani kunachelewesha, hakuna njia ya mkato?
Hakuna.

— Samahani, kwenye ECG mawimbi ya T (yanayofuata QRS) yamepinduka sana na QT (muda toka QRS ianze hadi T iishe) ni ndefu, lakini mgonjwa hana historia ya moyo. Inawezekana ni ubongo?
Inawezekana sana, na umefanya vizuri kuuliza. Ubongo ukiumia, mwili humwaga adrenalini nyingi na moyo huumia nayo. Huonekana hasa damu ikivuja kuzunguka ubongo. Ila usiusingizie ubongo kabla ya kupima troponini (protini inayoonyesha moyo umeumia), potasiamu na magnesiamu. Pitia na dawa pia: haloperidol na ondansetron hurefusha QT.

— Asante. Wangu ana mawimbi mapana yanayoelea polepole, pande zote.
Kagua jasho kwanza. Mfute, punguza joto la chumba.

— Naongezea: maji yakituama kwenye mirija ya kupumulia huleta mawimbi yenye mdundo. Yamwage kabla hujamwamsha daktari.
Kweli kabisa. Na uyamwage kuelekea mbali na mgonjwa.