Jinsi ya kusoma Katekisimu Fupi nyumbani mpaka ikae kichwani

Tangu watu waanze kuhamia Dodoma kwa wingi na ofisi za serikali kwenda Mtumba, swali naulizwa kila mara, nyie Wapresbiteri hasa mnaamini nini? Na wanaouliza sio wageni tu, wengine ni wa kwetu kabisa, kabatizwa mchanga, kaimba kwaya miaka kibao, ila ukimbana anakwambia sisi hatuna askofu basi. Ni kweli hatuna, lakini hilo ni la mwisho mwisho huko, kuna mambo makubwa kabla yake na yameandikwa, unaweza kuyasoma na familia yako sebuleni.

Vitabu ni vitatu. Ungamo la Imani la Westminster, yaani tamko la tunachoamini, halafu Katekisimu Kubwa na Katekisimu Fupi, yaani mafundisho hayo hayo kwa maswali na majibu. Vilitoka kwenye mkutano wa wachungaji na wasomi ulioitwa na Bunge la Uingereza, wakaanza kukaa London mwaka 1643, ungamo likakamilika 1646 na katekisimu zikafuata 1647, Kanisa la Scotland likavipokea na kutoka huko vikasambaa duniani. Ungamo lina sura 33, Katekisimu Kubwa maswali 196, Fupi maswali 107. Majirani zetu nao wanavyo vya kwao, Waanglikana wana zile Ibara 39, Walutheri wana Ungamo la Augsburg la 1530, kwa hiyo mtu asikutishe kwamba kuwa na kitabu cha imani ni kuongeza Biblia.

Hilo la Biblia liweke sawa siku ya kwanza kabisa, usiliruke. Biblia iko juu, hivi vitatu viko chini yake. Ungamo lenyewe sura ya 31 linasema mabaraza yote tangu enzi za mitume yanaweza kukosea na mengi yamekosea, kwa hiyo yasifanywe kanuni ya imani bali msaada tu. Yaani waandishi wenyewe wamekuachia mlango wa kuwakagua, mimi hapo huwa nawaheshimu sana. Kwa hiyo kila jibu mnalosoma fungueni aya zake za Biblia, na kama mtu haoni jibu linatokaje kwenye aya, simameni hapo hapo mpaka aelewe au mkamuulize mzee wa kanisa.

Sasa uanzie wapi. Anza na Katekisimu Fupi, usianze na Ungamo. Mimi nilianza na Ungamo, kikundi chetu cha Nkuhungu tulikuwa tumejaa sebule nzima, tukafika sura ya 3 ya kuchaguliwa tangu awali, yaani Mungu kuamua tangu milele nani ataokolewa, ndani ya wiki mbili tu, watu bado hawajajua hata Mungu ni nani kwa mujibu wa hicho kitabu wanachosoma, tukabishana wiki tatu mfululizo na wengine hawakurudi tena, inaniuma mpaka leo. Baadae ndo nikaja kuona kifungu cha mwisho cha sura hiyo hiyo kinasema fumbo hili kubwa lishughulikiwe kwa busara na uangalifu wa pekee, na sisi tuliliparamia bila maandalizi. Liacheni mpaka mmalize yote 107, halafu mlirudie mkiwa na Waefeso 1 mkononi.

Mwendo ni maswali mawili kwa wiki, mwaka mmoja na kidogo mmemaliza. Jioni baada ya kula, mmoja anauliza swali, wote wanajibu kwa sauti mara tatu, mnafungua aya, mnaulizana hili linatugusaje, mnaomba, dakika ishirini inatosha. Asiyejua kusoma asiachwe. Kuna bibi mmoja kwetu hasomi kabisa ila anajibu maswali mengi kuliko vijana wa chuo, mjukuu anamsomea naye anayarudia kwa Kigogo akipepeta uwele, hivo akishayasema kwa lugha yake hayatoki.

Swali la 1 lipeni wiki nzima. Kusudi kuu la mwanadamu ni nini? Ni kumtukuza Mungu na kumfurahia milele. Hapo kwenye kumfurahia wengi wanashtuka maana tumezoea kumuona Mungu kama mtu tunayedaiwa naye, unaenda kwake na hofu na orodha ya mahitaji, kumbe jibu la kwanza kabisa la imani yetu ni furaha. Someni Zaburi 73:25-26 taratibu. Halafu 1 Wakorintho 10:31, mlapo au mnywapo au mtendapo neno lolote, mama anayepanga zabibu zake pale soko la Majengo ajue na hiyo kazi imo.

La 2 na la 3 ni mepesi, ila la 3 ndo ramani ya kitabu kizima, Maandiko yanafundisha tuamini nini kuhusu Mungu na Mungu anatutaka tufanye nini. Mpaka la 38 ni ya kuamini, kuanzia la 39 ni wajibu, humo kuna Amri Kumi, sakramenti na Sala ya Bwana.

Maswali ya 33 mpaka 35 yasomeni pamoja. Kuhesabiwa haki, yaani kusamehewa na kukubaliwa na Mungu, ni tendo la neema yake, kufanywa wana ni tendo, ila kutakaswa, yaani kubadilishwa tuwe watakatifu, linasema ni kazi. Angalieni hayo maneno mawili vizuri jamani. Tendo limefanyika mara moja limeisha, kazi inaendelea. Ukienda mashamba ya Hombolo mzabibu ukishapandwa umepandwa, haupandwi tena, lakini kupogolewa ni kila msimu. Mkristo anayelia kila akianguka kwamba ameacha kuwa mwana wa Mungu anachanganya haya mawili, na nimeona watu wakishaelewa tofauti yake wanapata amani usiku huo huo.

La 95, ubatizo wa watoto, mtaulizwa tu na majirani wa makanisa ya kiroho. Jibuni kwa upole na Matendo 2:39, ahadi ni kwenu na kwa watoto wenu, na Mwanzo 17, pale watoto wa Abrahamu nao walipotiwa alama ya agano. Ila msiseme maji yanaokoa, Ungamo sura ya 28 linakataa, linasema sio kila aliyebatizwa lazima amezaliwa mara ya pili.

Kuhusu uongozi, neno presbiteri ni Kigiriki cha mzee, mchungaji na wazee wanaongoza pamoja, juu yao mabaraza mpaka mkutano mkuu, someni Matendo 15. Na mgeni asiogope, makanisa yetu mengi yanamtaka muumini akiri kumwamini Kristo tu, kiapo cha kushika haya mafundisho ni cha wachungaji na wazee.

Usiku wa kwanza fanyeni swali la 1 peke yake, msiongeze la 2 hata watoto wakiomba.