Ombi likitumwa mara tatu, malipo yaandikwe mara moja

Kama huduma yako ya wavuti inapokea maombi ya POST (aina ya ombi la HTTP la kutuma data mpya) yanayogusa pesa au stoo, mlazimishe anayeiita atume namba ya kipekee (UUID, yaani kitambulisho kirefu ambacho kompyuta hukizalisha bila kujirudia, inatosha) kwenye kichwa cha ombi. Wengi hukiita `Idempotency-Key`. Upande wa seva, hifadhi namba hiyo kwenye jedwali lenye sharti la UNIQUE (linalokataa namba kujirudia), ndani ya muamala uleule wa hifadhidata unaoandika malipo. Ombi likirudi na namba ileile, toa jibu ulilolihifadhi mara ya kwanza, kazi usiifanye upya.

Sababu yake: mtandao ukikatika kabla jibu halijafika, mtumaji, mathalani mfumo wa mauzo unaopeleka ankara kwenye mfumo wa uhasibu, hajui kama ankara imeshaandikwa, kwa hiyo atatuma tena tu. Kwa kanuni za HTTP, PUT (kuweka au kubadilisha) na DELETE (kufuta) zinaweza kurudiwa bila madhara. POST haina kinga hiyo.

Njia hii inagoma wapi? Namba ikizalishwa ndani ya kitanzi cha kujaribu tena, na hili naliona mno kwenye programu za watu, kila jaribio linahesabika ombi jipya. Izalishe kwanza, iandike kwenye hifadhidata ya anayetuma, ndipo utume. Pia usitangulize SELECT (kuangalia kama namba ipo) halafu INSERT (kuiandika): maombi mawili yakiingia kwa pamoja, yote yatakuta namba haipo. Na kama nyuma yako kuna benki au mfumo mwingine wa nje, namba hii haizuii malipo ya pili kule mpaka na wao waitambue.