Namna ya Kufundisha Seli za Ubongo kwa Ndoo ya Maharage

Kila nikifika kwenye mada ya mfumo wa neva, wanafunzi wangu hapa Kigoma huanza na swali lilelile: ni nani aliyezihesabu seli za ubongo, na alizihesabuje? Mwalimu asilipite swali hilo kwa kutaja tarakimu peke yake.

Chukua ndoo, tia maharage mekundu chini na ya njano juu, kisha mwambie mwanafunzi achote kikombe kimoja bila kukoroga na ahesabu mekundu. Hatapata hata moja. Sasa koroga mpaka rangi zichanganyike kabisa, achote tena, ahesabu kila rangi, kisha azidishe kwa idadi ya vikombe vinavyojaza ndoo. Hivyo ndivyo alivyofanya mwanasayansi wa Brazili, Suzana Herculano-Houzel: kwa kuwa seli zimesongamana sehemu moja na kutawanyika nyingine, aliusaga ubongo mpaka ukawa kama supu, viini vya seli vikabaki vikielea, akavitia rangi ili vya seli za neva vitofautiane na vingine, kisha akahesabu katika matone machache. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba ubongo wa binadamu una takribani seli za neva bilioni 86, na seli nyingine, zikiwemo za glia, yaani seli zinazozitegemeza na kuzihudumia zile za neva, zinakaribia idadi hiyohiyo. Dai la miaka mingi kwamba glia ni mara kumi ya neva limeanguka, hivyo lifute kwenye notisi zako.

Hapo ataibuka mwanafunzi wa kusema kwamba mwenye seli nyingi ndiye mwenye akili nyingi. Mpe mfano wa tembo wa Afrika, mwenye seli za neva zipatazo bilioni 257, karibu mara tatu ya zetu. Kisha mwulize ziko wapi. Takribani bilioni 251 zimo katika serebelamu, sehemu ya nyuma inayoratibu miendo, na gamba la ubongo wake, yaani tabaka la nje linalohusika na kufikiri, lina kama bilioni 5.6 tu, ilhali gamba la binadamu lina kama bilioni 16. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo la kukaa nalo kipindi kizima: idadi haisemi kitu mpaka ujue seli zimekaa wapi na zimeunganishwaje. Hata nyuki, mwenye seli zipatazo milioni moja, hukumbuka njia ya kurudi mzingani na kuwaonyesha wenzake maua yalipo.

Sokwe mtu tunao karibu, pale Gombe, ambako mwaka 1960 mtafiti wa sokwe, Jane Goodall, aliwaona wakichomeka vijiti vya nyasi kwenye kichuguu na kuvuta mchwa. Ubongo wao ni kama theluthi moja ya wetu kwa uzito, lakini umejengwa kwa seli za aina zilezile.

Dai kwamba binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo lijibu kwa kiharusi. Eneo dogo tu likikosa damu, mkono hulegea au ulimi hushindwa kutamka. Kama asilimia 90 ingekuwa haina kazi, madhara hayo yasingeonekana mara kwa mara namna hiyo. Kuhusu kuku anayerukaruka baada ya kuchinjwa, eleza kwamba uti wa mgongo nao una seli za neva zinazoweza kuendesha misuli kwa muda mfupi bila ubongo.

Swali la mwisho ni la wazazi zaidi, nalo ni degedege. Wapo wanaoamini kwamba ni pepo, na kwamba mtoto akichomwa sindano atakufa. Waeleze kwa upole kwamba seli za neva hazina akiba ya kutosha, zinategemea sukari na oksijeni inayoletwa na damu wakati wote, na kwamba katika malaria kali chembe nyekundu zenye vimelea hunata kwenye mishipa midogo ya ubongo na kuziba njia. Mtoto mwenye degedege alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala kidole mdomoni, na apelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama mtikisiko umekwisha.